DUBU AKILA KONDOO, NANI ALIPE?

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hujafungua ukurasa unaofuata kutafuta vitendawili na vichekesho. Dubu akimla kondoo wa mchungaji maskini, ni nani anayepaswa kulipa? Usicheke. Najua hapa kwetu Taita hakuna dubu, na wengi wetu tumemwona kwenye vitabu vya hadithi za watoto tu, akilamba asali na kuongea kama binadamu. Lakini swali hili limewaumiza vichwa watu wazima, tena wenye elimu na vyeo, katika nchi nyingi za milima, na mpaka leo hawajalimaliza. Mimi mwanafunzi wa Kidato cha Tatu nina jibu langu, nalo nitalitetea hapa. Dubu adimu wa milimani ni lazima alindwe, lakini mzigo wa kumlinda asitwikwe mchungaji peke yake. Anayetaka dubu aishi, na alipe. Tena kulipa si kutoa pesa tu, kama nitakavyoeleza.

Tuanze kwa kumjua mwenyewe. Ukihesabu dunia nzima, dubu wa kahawia si mnyama adimu. Wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, na karibu nusu yao wako Urusi. Ndiyo maana kuna watu husema, "Kwani shida iko wapi? Si wako tele?" Hesabu ya namna hiyo hudanganya macho. Ni kama kusema kijijini hakuna njaa kwa sababu ghala la tajiri mmoja limejaa. Ukweli ni kwamba kuna vikundi vidogo vidogo vya dubu hawa vilivyotengwa na wenzao na milima na mabonde, ambavyo vikiisha vimeisha. Mmoja wao ni dubu wa Himalaya, ambaye wataalamu humwita Ursus arctos isabellinus. Manyoya yake yamepauka na kukaribia rangi ya mchanga. Huishi kaskazini mwa Pakistan na India, na katika baadhi ya nchi jirani, juu kabisa ambako miti imeshindwa kumea.

Makao yake mashuhuri ni uwanda wa Deosai, katika eneo la Gilgit-Baltistan, Pakistan. Wapo wasemao kwamba maana ya jina hilo ni nchi ya majitu. Kwa wastani uwanda huo uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ili ujue ni juu kiasi gani, kumbuka kwamba Vuria, kilele kinachopita vyote katika milima yetu ya Taita, kina mita 2,208. Basi chukua Vuria, panga Vuria nyingine juu yake, na hapo karibu na juu utandaze uwanda wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 3,000, yaani kama mara mbili ya mbuga ya Masai Mara. Theluji huufunika kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Kiangazi kinapofika huota nyasi na maua kila mahali, lakini kiangazi chenyewe ni kifupi kama likizo ya Agosti: hujaanza kukifaidi, kimekwisha.

Katika miezi hiyo michache dubu hana budi kula mpaka ashibe shibe ya mwaka mzima. Wataalamu waliochunguza kinyesi chake Deosai waligundua kwamba chakula chake kikubwa ni nyasi na mimea. Nyama huipata kwa kufukua mashimo ya mamoti, mnyama aliye jamaa ya kindi ambaye naye huishi chini ya ardhi. Baridi ikirudi, dubu huingia pangoni akalala miezi kadhaa bila kula wala kunywa, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Si mchezo! Sisi tukikosa githeri ya saa saba mchana tunaanza kuona nyota.

Mnyama huyu amepata umaarufu mwingine asiokuwa na habari nao. Kwa miaka mingi wapanda milima wamesimulia kuhusu jitu la theluji la Himalaya, yeti, mwenye manyoya na nyayo kubwa. Mifupa, meno, ngozi na nywele zilizosemwa kuwa zake zilihifadhiwa kwa heshima. Mwaka 2017 wanasayansi wakiongozwa na Charlotte Lindqvist walitangaza matokeo ya kupima vinasaba vya sampuli 9 za namna hiyo. Sampuli 8 zilikuwa za dubu wa aina mbalimbali wa huko, akiwemo huyu wa kahawia, na moja ilikuwa ya mbwa! Nasi Wakenya tusiwacheke sana, maana enzi za ukoloni wazungu walizagaza habari za "dubu wa Nandi", ilhali hakuna mtu aliyewahi kumleta hata ukucha wake. Ajabu ni kwamba binadamu yuko tayari kupanda mlima kumtafuta jitu ambaye hayupo, huku dubu ambaye yupo anakwisha mbele ya macho yake.

Uchunguzi huohuo wa vinasaba ulionyesha kwamba dubu wa Himalaya walitengana na dubu wengine wa kahawia miaka kama 650,000 iliyopita. Kwa hiyo tukimpoteza huyu, hatuwezi kusema tutaagiza mwingine Urusi. Huyo wa Urusi ni binamu wa mbali sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Dubu wa Deosai huzaa polepole mno. Kwa wastani jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 8. Akishazaa, hukaa kati ya miaka 5 na 6 ndipo azae tena, kwa sababu watoto huendelea kumfuata mama kwa takriban miaka 4. Na kila uzazi huleta mtoto mmoja au wawili, wastani wake ukiwa 1.3. Wataalamu waliotoa tarakimu hizi walisema hawakuwa wameona kikundi kingine cha dubu wa kahawia kinachozaa polepole kiasi hicho. Sababu kubwa ni chakula hafifu na kiangazi kifupi.

Hebu tufanye hesabu, walimu wetu wa hisabati watanisahihisha. Jike akizaa akiwa na miaka 8, kisha 14, kisha 20, hizo ni mara tatu. Zidisha kwa 1.3, unapata watoto wasiofika wanne, na bado hujatoa wanaokufa wachanga. Mbuzi wa nyumbani anaweza kufikisha idadi hiyo katika miaka miwili. Maana yake ni kwamba mtu akimpiga risasi dubu jike mmoja leo asubuhi, hasara hiyo haitazibika kesho wala mwakani. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wanyama wengine labda utazoa kidogo, lakini kwa dubu huyu ni tope tupu.

Na risasi zimepigwa. Dubu wa milima ile wameuawa kwa sababu ya ngozi, na kwa sababu ya mafuta yao ambayo watu huamini yanatibu maumivu ya viungo. Wengine wameibwa wangali wachanga, mama akauawa kwanza, kisha mtoto akatiwa pete puani na kuchezeshwa barabarani, au akafungwa kamba na kupiganishwa na mbwa huku watu wakishangilia. Fauka ya hayo, wapo waliouawa na wafugaji kwa kuogopwa au kwa kulipizwa kisasi. Mwaka 1993, walipohesabiwa Deosai nzima, walipatikana dubu 19 tu. Kumi na tisa, jamani! Hao hawatoshi hata timu mbili za kandanda. Mwaka huohuo uwanda ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa.

Hapa ndipo wapenzi wengi wa wanyama hukosea. Wakisikia 19, wanasimama na kupaza sauti: "Wafukuzeni wachungaji! Wafungeni jela!" La hasha! Mimi sikubali. Kabla ya kumhukumu mchungaji, ni vyema tujue naye ni nani.

Kila kiangazi watu wa vijiji vilivyo pembeni mwa Deosai hupeleka mifugo yao juu kulisha. Isitoshe, huja wachungaji wahamahamaji wa jamii ya Gujjar kutoka nyanda za chini, wakiwa na kondoo, mbuzi, na watoto wao. Watu hawa hawana shamba kubwa wala akaunti ya benki. Benki yao ni ile inayotembea kwa miguu minne. Kondoo mmoja akiuzwa ndiyo karo ya mtoto, ndiyo dawa ya mama mgonjwa. Upande wa India, katika mabonde ya Zanskar na Suru huko Ladakh, wafugaji hulalamika kwamba dubu huua kondoo na mbuzi wao. Mtu aamke asubuhi akute zizi limevunjwa na kondoo wanne wamelala chini, halafu mgeni kutoka mjini amwambie, "Vumilia bwana, huyu ni mnyama adimu." Wewe ungemjibu nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini pia tuwe wakweli, mchungaji naye humwumiza dubu hata pale asipobeba bunduki. Kondoo elfu moja wakipita uwandani hula nyasi zilezile ambazo dubu anazihitaji ili anenepe kabla ya theluji. Dubu akilala njaa hatazaa. Kwa hiyo kuna mgogoro wa kweli hapa, si chuki tu. Wote wawili wanategemea nyasi za miezi michache.

Sasa Deosai walifanya nini? Hawakuwafukuza wote. Walitenga sehemu ya katikati iwe ya dubu, mifugo isiingie, na walinzi wakawekwa. Wakati huohuo haki za jadi za wanakijiji wa pembeni za kulisha mifugo ziliheshimiwa, na wenyeji wakashirikishwa katika kazi ya ulinzi. Matokeo yake? Kufikia mwaka 2006 walihesabiwa dubu 43. Kutoka 19 hadi 43 katika miaka 13, kwa mnyama anayezaa kwa kujikokota namna ile! Wataalamu walieleza kwamba siri kubwa ilikuwa kupunguza vifo vinavyosababishwa na watu. Na vifo hivyo havikupungua kwa sababu ya jela bali kwa sababu jirani alikubali.

Mfano mwingine uko kwenye milima hiyohiyo ya Pakistan. Kuna mbuzi-mwitu aitwaye markhor, mwenye pembe zilizojisokota kama kizibuo. Naye alikuwa amekaribia kuisha. Serikali ikaruhusu vibali vichache sana vya kuwinda madume wazee kwa bei ghali mno, na asilimia 80 ya pesa hizo hupewa wanakijiji. Wanakijiji wakageuka walinzi, na mwaka 2015 markhor aliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kabisa, akapandishwa daraja la nafuu zaidi. Nisieleweke vibaya. Sisemi tuwinde dubu, na nchi yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Dubu azaaye watoto wasiofika wanne maishani hawezi kustahimili hata kibali kimoja. Ninachotaka tuone ni kwamba faida ilipoingia kijijini, mnyama naye alipata ndugu kijijini.

Najua baadhi ya wanafunzi wenzangu watanipinga. Kuna atakayesema, "Binadamu kwanza! Dubu akiisha, dunia itasimama?" Dunia haitasimama, hilo nakubali. Haikusimama pia Afrika ilipompoteza dubu wake. Ndiyo, Afrika! Katika milima ya Atlas, kule Morocco na Algeria, waliishi dubu wa kahawia. Warumi waliwakamata wanyama wa Afrika Kaskazini, dubu wakiwemo, wakawapeleka kuuawa viwanjani watu wakitazama. Baadaye bunduki na ukataji wa misitu vikamalizia kazi, na inaaminika kwamba wa mwisho alitoweka karne ya 19. Leo mtoto wa Kiafrika akisoma neno "dubu" anafikiri ni kitu cha Ulaya kama theluji. Tumenyang'anywa mnyama wetu hata hatujui kwamba alikuwa wetu. Tena tuulizane, ni mchungaji gani wa Atlas aliyetajirika kwa sababu dubu aliisha? Simjui hata mmoja. Umaskini ulibaki palepale, dubu ndiye aliyeondoka.

Kuna mwingine atakayesema, "Suluhisho ni rahisi, mchungaji alipwe fidia, mambo yaishe." Huyu ananikaribia, lakini hajafika. Twende Ulaya tuone, katika milima ya Pyrenees iliyo mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Huko dubu walipungua wakabaki wachache kabisa. Tangu mwaka 1996 serikali ya Ufaransa ilianza kuleta dubu kutoka Slovenia ili kuokoa kizazi. Mwaka 2004 mwindaji alimpiga risasi Cannelle, dubu jike wa mwisho wa ukoo wa asili wa milima ile. Nchi nzima ilihuzunika. Leo, kwa sababu ya wale walioletwa, dubu wameongezeka, na kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 80.

Ufaransa si nchi maskini. Mchungaji akithibitisha hasara analipwa. Mwaka 2017 kondoo zaidi ya 200 walikimbia wakimwogopa dubu wakaporomoka kwenye jabali wakafa, na hasara ya namna hiyo serikali hulipia. Je, wachungaji walinyamaza? Ng'o! Mwaka 2018, serikali ilipotaka kuleta majike wawili zaidi, wapinzani waliweka vizuizi barabarani, hata ikabidi dubu wale wasafirishwe kwa helikopta. Fikiria: dubu anaruka angani juu ya vichwa vya watu kwa sababu chini hakuna aliyemkaribisha! Malalamiko ya wachungaji hao si ya pesa tu. Wanasema uamuzi ulifanywa na watu wa mjini walio mbali, kisha wao wakaletewa mzigo mlangoni. Mimi naona hapo wana haki, hata kama sikubaliani nao kwamba dubu waondolewe. Pesa ni muhimu, lakini mtu aliyelipwa bila kuulizwa hubaki na kinyongo, na kinyongo kikikutana na bunduki mlimani usiku, hakuna askari wa kuona.

Labda msomaji unajiuliza, mambo ya dubu wa Pakistan na Ufaransa yanamhusu nini mwanafunzi wa kutwa wa Taita ambaye hata nauli ya matatu kwenda Nairobi ni kazi kuipata? Yananihusu sana. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo. Kila mwaka watalii huja kupiga picha ndovu wetu wekundu kwa vumbi, wakafurahi, wakarudi kwao. Sisi hatutoki. Mwaka nilipokuwa Darasa la Nane ndovu waliingia usiku katika shamba la nyanya yangu. Yeye na majirani walipiga madebe na kuwasha moto hadi alfajiri, lakini wapi! Mahindi na pojo za msimu mzima zilikuwa zimekwenda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia, na nyanya aliandikisha hasara yake katika ofisi moja ambayo siitaji, kwa sababu nia yangu si kugombana na mtu. Kila akienda huambiwa faili lake linashughulikiwa. Linashughulikiwa mpaka leo. Nauli aliyotumia kufuatilia ingeweza kununua gunia la mahindi.

Nyanya hamchukii ndovu. Siku moja nilimsikia akisema, "Mjukuu wangu, ndovu ana haki ya kula. Lakini mbona anakula kwangu tu?" Maneno hayo nimeyafikiria sana. Huyo ndiye mchungaji wa Ladakh. Huyo ndiye mchungaji wa Pyrenees. Anayefaidi mnyama yuko mbali, anayemlipia yuko karibu. Methali yetu husema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Lakini kwa wanyama adimu tumeigeuza: mbuzi ameliwa, na aliyeliwa mbuzi ndiye anayedaiwa ng'ombe!

Basi mimi napendekeza hivi. Kwanza, fidia ilipwe upesi, kabla msimu mwingine wa malisho haujaanza, na ushahidi utolewe na wazee wa palepale ambao wanaijua nyayo ya dubu na nyayo ya mbwa. Fidia inayokuja baada ya miaka mitatu ni sawa na mwavuli unaoletwa mvua ikiwa imekatika.

Pili, afadhali kuzuia kuliko kulipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Ladakh wafugaji wamesaidiwa kujenga mazizi yenye kuta imara na kufunikwa juu ili chui wa theluji asiingie. Zizi kama hilo humsumbua dubu pia. Kondoo akilala salama, mchungaji analala, na dubu anarudi kufukua mamoti wake.

Tatu, vijana wa vijiji hivyo wawe wa kwanza kuajiriwa kuwa walinzi na waongoza wageni, na sehemu ya kiingilio cha mbuga irudi kijijini ikajenge shule na zahanati. Mtoto akisomeshwa na dubu hatakubali dubu auzwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, mchungaji awe na kiti katika kikao kinachoamua. Asiitwe mwishoni kupigiwa makofi na kunywa chai, bali aitwe mwanzoni, wakati ramani ingali tupu, aseme malisho yake ni wapi na njia ya mifugo inapita wapi. Yeye anaujua mlima kuliko mwenye kalamu.

Kwa upande wake mchungaji naye atakuwa na deni. Akishasikilizwa na kulipwa, aweke bunduki chini, asitie sumu kwenye mzoga, asiingize mifugo katika ile sehemu ya katikati iliyotengwa, na akimwona mwizi wa watoto wa dubu asimfiche hata kama ni shemeji yake. Haki bila wajibu ni nusu ya haki.

Mtaniuliza pesa zitatoka wapi, maana Pakistan si nchi tajiri na ina shida zake nyingi, kama sisi. Zitoke kwa wote wanaosema dubu ni mali ya dunia. Ukitamka kwamba kitu ni cha dunia nzima, umejitangaza kuwa mwenye hisa, na mwenye hisa huchanga. Nchi tajiri zinazopenda picha za dubu kwenye kalenda zichange. Watalii wachange. Nasi pia, tukiwa na shilingi kumi ya klabu yetu ya mazingira, tuanze na ndovu wa hapa, kwa sababu anayeshindwa na wa kwake hana mdomo wa kusemea wa mwenzake.

Dubu jike aliyezaliwa Deosai mwaka huu, akiponea, atapata mtoto wake wa kwanza wakati mimi nikiwa na miaka 24. Nitakuwa nimemaliza shule, pengine nina kazi, pengine natafuta. Katika miaka hiyo minane yote hakuna ukuta wala askari anayeweza kumfuata kila hatua. Atapita karibu na mahema ya wachungaji mara nyingi, usiku na mchana, na kila mara uhai wake utategemea uamuzi wa mtu mmoja aliyekaa kando ya moto na mifugo yake. Mtu huyo akiwa ameonewa, dubu amekwisha. Akiwa ametendewa haki, atamwita mbwa wake nyuma, atatazama dubu akipita, kisha ataendelea kunywa chai yake.